Mwanafunzi wa Mwisho wa Ikongwa ya Zamani

Walimu wangu wadogo, mlipokuja kwangu Chemchem, hapa Tabora mjini, wiki iliyopita mlikuja na daftari jipya na orodha ya maswali. Nani alianzisha shule yenu ya Ikongwa, walimu wakuu walikuwa akina nani, na mbinu za kufundishia zilibadilikaje. Niliwapa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, nikawatajia majina mawili matatu, mkaandika, mkaaga. Mlipofika kona ile ya msikiti nikaona haya. Nilikuwa nimewapa majina nikaficha habari yenyewe. Basi nimeketi, nimevaa miwani yangu yenye mguu mmoja, nawaandikia.

Kwanza mjue kwamba shule yenu haikuanzia hapo ilipo. Hayo majengo ya bati ni ya baadaye. Ikongwa ya kwanza ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka hapo, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani. Tulipolima shamba la shule watoto waliokota shanga za bluu udongoni, wakazitunga kwenye nyuzi wakavaa. Siku hizi pale hakuna kitu. Mwaka juzi nilimwomba mpwa wangu anipeleke kwa pikipiki. Tulikuta msingi wa darasa moja, na kichuguu kirefu kunipita mimi pale ilipokuwa meza ya mwalimu mkuu. Mpwa wangu akauliza, "Shangazi, ndiyo hapa ulipokaa?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama huku na huku, akawasha pikipiki.

Nilipangiwa Ikongwa nikitoka chuoni, baada ya Azimio la Arusha. Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Isevya, na nyumba yetu haikukauka wageni. Nililala chumba kimoja na dada zangu watatu hadi siku ninakwenda chuoni. Chakula nilikijua ni kitu cha sinia, mikono mitano sita ikigongana. Nasema haya ili mwelewe yatakayofuata, si ili mnisamehe.

Shuleni tulikuwa walimu wawili: mimi, na mwalimu mkuu, Mwalimu Yakobo. Alikuwa Mmoraviani wa makamo, mrefu, suruali yake fupi imenyooshwa kwa pasi ya mkaa hata siku za kulima. Ile shule aliikuta ni kibanda cha nyasi cha kusomea katekisimu, akawahimiza wazazi wakafyatua matofali, akapandisha kuta kwa mikono yake. Nilipofika na sanduku langu la bati alinitazama akasema, "Serikali imeniletea bibi harusi."

"Shikamoo mwalimu," nikasema.

"Marahaba binti yangu. Unajua kupaka ubao?"

Sikujua. Chuoni tulikuta mbao zimeshapakwa. Mwalimu Yakobo akanionyesha siku hiyohiyo, kabla sijanywa maji. Unatwanga mkaa hadi uwe kama unga wa muhogo, unatwanga na majani ya matembele, unachanganya, unasugua ubao kwa kitambaa, unaacha ukauke kivulini. Ukikaukia juani unapasuka. Siku hizi mna mbao nyeupe na kalamu, lakini kalamu zikiisha kijijini mtanikumbuka.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa mambo mapya. Tuliambiwa mtoto ajifunze kwa vitendo, ashike, ahesabu vitu, asikaririshwe kama kasuku. Nikabeba wazo hilo kama mahari. Wiki ya kwanza nikawaambia darasa la kwanza kila mmoja alete punje kumi za mahindi za kuhesabia. Walileta. Nikawauliza, "Kumi toa tatu, zimebaki ngapi?" Mtoto mmoja akajibu hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu akasema mbili. Nikakasirika, nikapita kwenye madawati kukagua. Walikuwa wamezila. Ulikuwa mwezi wa njaa, mwezi wa kwanza, mahindi mapya bado hayajabeba. Kila mmoja alikuwa amejibu sawasawa kwa punje zilizokuwa mbele yake. Mwalimu Yakobo aliposikia alicheka hadi akashika ukuta. "Tumia mawe, binti yangu. Mawe hayaliki."

Yeye mwenyewe alifundisha kwa kuitikisha. Alisoma sentensi mara moja, akagonga dawati kwa rula, darasa zima likairudia kwa sauti moja. Ba be bi bo bu. Da de di do du. Alipenda kusema kwamba shule nzuri inasikika barabarani, na kweli yetu ilisikika. Watu waliopita na baiskeli zao kwenda mnadani walipunguza mwendo wasikilize. Mkaguzi alipokuja alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba kusoma ni kuzuri sana.

Mwezi mmoja nilishindana naye. Mwezi wa pili nikachoka. Kuna darasa la watoto sitini na vitabu vitano, koo linakukauka, na jirani anapata matokeo yanayosikika barabarani. Nami nikanunua rula. Darasa la tatu nikawaitikisha, wakaitikia vizuri, nikalala usingizi mzuri.

Katika darasa hilo la tatu palikuwa na msichana aitwaye Kalunde. Umri wake ulikuwa kama miaka kumi na mmoja, mwembamba, ana mwanya, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Baba yake, Shija, alikuwa mrina asali. Kalunde hakuwahi kukosea. Nikisoma somo mara moja, yeye alilirudia lote, na nukta zake. Nikamfanya kiongozi wa darasa. Asubuhi alisimama mbele, kitabu mkononi, akasoma, na wenzake wakamfuata. Mimi wakati huo nilisahihisha madaftari. Jambo moja tu liliniudhi kwake: imla. Kwenye imla alinipa ukurasa wa vijiti na vikorokoro. Nikasema huyu ni mkaidi, anajua lakini hataki kujisumbua. Nilimchapa kwa hilo. Si mara moja.

Halafu ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Ikongwa ilikuwa ya watu waliotawanyika, mji huu na ule umbali wa kelele, na ilisemekana wote tukakae pamoja, penye barabara ya lori na kisima cha pampu. Wengi walikwenda wenyewe. Wengine walisitasita mpaka lori likaja mlangoni. Mwalimu Yakobo akaambiwa aende na familia za kwanza akaanzishe darasa kule kupya, yaani hapo mlipo ninyi. Mimi nikaambiwa nibaki na watoto ambao bado hawajahama, na nitunze madawati, vitabu na mabati mpaka usafiri upatikane.

"Ni wiki mbili tu," Mwalimu Yakobo aliniambia akifunga godoro kwenye baiskeli yake. "Tatu zikizidi."

Ilikuwa miezi minne.

Niliwaza kuwa nitapumzika, watoto wachache, kazi ndogo. Walimu wangu, sijui kama mmewahi kuona kijiji kinavyoondoka. Hakiondoki kwa siku moja. Unaamka unakuta moshi wa upande huu haupo. Kesho jogoo wa upande ule hawiki. Yule mama aliyekuwa akikuuzia maziwa anapita kukuaga, keshokutwa mbwa wake amerudi peke yake, amelala kwenye majivu ya jiko lao. Kila asubuhi niligonga kengele yetu, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, na kila asubuhi waliokuja walikuwa pungufu. Thelathini. Kumi na tisa. Saba. Nikaacha kufundisha madarasa mbalimbali, nikawakusanya wote chumba kimoja.

Mchana ndio ulikuwa mbaya. Watoto wakishaondoka saa sita, mbele yangu palikuwa na saa nyingi za jua na hakuna sauti isiyokuwa ya nzi wa ndorobo kwenye kioo cha dirisha. Nilipika ugali wa mtu mmoja, na sikujua kuupima; kila siku ulizidi. Nilianza kuzungumza na sufuria. Nikamwandikia ofisa elimu barua ya kuomba uhamisho wa kurudi mjini, nikaeleza kwamba afya yangu si nzuri. Afya yangu ilikuwa nzuri.

Mwishoni akabaki Kalunde. Bibi yake, mama mzazi wa Shija, alikuwa mgonjwa wa kitandani, na katibu wa kata aliwaruhusu wangoje hadi ainuke. Basi asubuhi moja niligonga reli, akaja yeye peke yake, miguu ina umande, akasimama mstarini. Mstari wa mtu mmoja. Tuliimba wimbo wa taifa wawili. Tukaingia darasani, akaketi kwenye dawati lake lilelile la mbele, nyuma yake madawati matupu.

Nikamfungulia kitabu, nikampa. "Soma, Kalunde."

Akasimama, akakiinua, kidole kikaanza kutembea chini ya mistari. "Basi limefika. Abiria wanashuka. Mama amebeba kikapu."

Nilikuwa na nakala yangu, nikafuata kwa macho, nikapotea. Nikaenda kusimama nyuma yake. Nilikuwa nimekosea ukurasa nilipofungua vitabu vyote viwili; somo la siku hiyo ndilo lililokuwa la basi. Ukurasa wake ulikuwa na picha ya mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

"Unasoma wapi?"

"Hapa, mwalimu." Kidole kilikuwa chini ya mbuzi.

"Hapa pana basi?"

Akautazama ukurasa. "Pana mbuzi."

Nikaandika ubaoni herufi m, kubwa. "Hii ni nini?"

Akanyamaza. Nikaandika a. Akanyamaza. Nikaandika jina lake lote, Kalunde, nikauliza hapa pameandikwa nini. Machozi yakaanza kumtoka, lakini hakulia kwa sauti. Sauti ile kubwa niliyoizoea kila siku, siku hiyo haikutoka.

"Miaka mitatu," nikasema. "Miaka mitatu uko shuleni, na unasoma mbele ya wenzako. Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza, mwalimu. Mlisema niongoze."

Nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya darasa nikakaa juu ya jiwe la kunolea majembe. Nilikuwa na hasira naye, halafu hasira ikahama ikanirudia mimi. Mtoto aliyeweza kushika masomo yote ya kitabu kizima kwa kuyasikia mara moja, kichwa cha namna hiyo, nami nilimchapa nikimdhania mvivu. Watoto wote sitini walikuwa wakimfuata yeye, na yeye alikuwa anatufuata sisi, na sisi tulifurahi kwamba tunasikika barabarani. Niliporudi darasani alikuwa bado amesimama.

"Kaa," nikamwambia. "Leo hatusomi kitabu. Niambie asubuhi umefanya nini."

"Nimempa bibi uji."

Chaki zilikuwa zimebaki vipande vinne, nikaogopa kuzimaliza. Nikamwaga mchanga sakafuni, nikausawazisha kwa ubao, nikaandika kwa kijiti: bibi. Nikasema, "Huyu ndiye bibi."

Akainama. "Mbona mdogo?" Akacheka kidogo, akaweka kidole kwenye bi ya kwanza, akakihamishia ya pili. "Yupo mara mbili."

"Ndiyo. Bi, na bi."

Ndivyo tulivyoanza. Hakuna aliyenifundisha njia hiyo. Ilitokana na uhaba wa chaki na wingi wa saa. Kila asubuhi aliniambia habari za kwao, nami nikazifanya somo. Bibi anakohoa. Baba ana mizinga. Nyuki wamehama. Nilikata neno vipande, nikavichanganya na vipande vya neno la jana, tukapata neno ambalo hakuna aliyelisema. Nilimshonea kidaftari kwa uzi wa baba yangu, na ndani yake hapakuwa na basi wala abiria, palikuwa na maneno yake mwenyewe. Ninyi mkifundisha darasa la kwanza, anzeni na neno ambalo mtoto amekuja nalo mdomoni. Na msisimame mbele tu. Nendeni nyuma ya mtoto, muone kidole chake kipo wapi na macho yake yapo wapi. Sikio la mwalimu linadanganyika kirahisi sana.

Kalunde alianza kuja kabla sijagonga reli. Tulikula pamoja mchana, michembe aliyokuja nayo, vipande vya viazi vilivyokaushwa juani, na ugali wangu uliozidi, na sasa haukuzidi. Alinifundisha Kinyamwezi cha kusalimia, akacheka matamshi yangu. Wiki zile nilisahau hata kuuliza kama barua yangu imejibiwa. Alipita ma na mi, akapita sha, akapita mba. Siku alipofika nd alisoma jina lake mwenyewe, akaliangalia, akaniuliza kama wapo watu wengine wanaoandikwa hivyo. Zilibaki chache. Ile ngumu ya ng', yenye alama juu, tulipanga kuianza siku ya Jumatatu.

Jumapili mchana mama yake akaja, na Shija nyuma yake. Nilikuwa nafua.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwalimu." Akaweka chini kibuyu cha asali. "Bibi ameinuka. Lori linakuja kesho."

Nikasema namshukuru Mungu kwa bibi kuinuka.

"Kule tunakopelekwa siko inakokwenda shule," mama akaendelea. "Sisi tumeandikiwa Mkombozi, upande ule wa mto. Shule bado haijajengwa. Tumezungumza na baba yake. Mtoto abaki nawe, mwalimu. Atakuchotea maji, atakupikia. Wewe ummalizie. Popote utakapopelekwa, nenda naye."

Shija alikuwa akitazama ardhi. Kwa mwanamume kama yule kumwacha binti yake kwa mtu wa mjini, tena Mwislamu, dini isiyo yake, hilo halikuwa jambo dogo, na alilikubali.

Nami nikasema hapana.

Sikusema hivyohivyo. Nilisema, "Mama, mimi mwenyewe sijui nitakuwa wapi. Mtoto akae na wazazi wake. Serikali imeahidi shule kila kijiji, na kule itajengwa." Kila neno lilikuwa na sura ya ukweli. Lakini moyoni nilikuwa na barua yangu ya uhamisho. Niliwaza nikiwa na mtoto wa watu sitaruhusiwa kurudi mjini kirahisi, nitafungwa porini miaka. Hofu ilinishika ya ile michana mirefu, na sikutaka kitu chochote kinachoweza kuirefusha.

Mama Kalunde akainua kanga yake akajifunga vizuri. "Haya, mwalimu," akasema. Asali aliiacha.

Asubuhi yake lori lilikuja mapema. Kalunde alipanda na kikapu cha kuku, kidaftari amekichomeka kiunoni. Akainama juu ya ubavu wa lori. "Mwalimu, ile ya leo utanifundisha lini?"

"Nitakuja," nikasema.

Sikwenda.

Baada ya hapo nilikaa siku kumi na tisa peke yangu Ikongwa. Nilizihesabu kwa sababu kila asubuhi nilifungua daftari la mahudhurio, nikaita majina yote ya darasa la tatu kwa sauti, nikaweka alama ya utoro. Niliogopa nikiacha kuita nitasahau kusema. Nilipofika jina lake nililiruka.

Lori la madawati lilipofika, Mwalimu Yakobo alikuwa amekaa mbele na dereva. Aliruka chini akanishika mikono yote miwili, akaniambia nimekonda. Tukiwa tunafunga vitabu nikamwambia.

"Mwalimu, Kalunde hakuwa anajua kusoma."

Akacheka. "Kalunde wa Shija? Yule ndiye aliyewasomesha wenzake."

"Hakujua hata herufi moja. Alishika kwa kusikia."

Kicheko kikamwisha polepole. Akaketi juu ya dawati lililokuwa limeshafungwa kamba. Alikuwa mtu aliyejenga kuta zile, na kwa kitambo alizitazama tu, kuta zile zote nne. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Na nani mwingine?"

Hapo ndipo mbinu za shule yenu zilipobadilika, kama mnataka kuliandika hilo. Haikuletwa na waraka wala semina. Tulipofika kijiji kipya, Mwalimu Yakobo alimwita kila mtoto peke yake chini ya banda, akamwonyesha kadi ambayo hajawahi kuiona, akamwambia asome. Alitumia mwezi mzima. Jioni alirudi kimya, akaniambia majina. Aliowapata walikuwa wengi kuliko alivyoweza kuvumilia. Akiwa na umri ule, miaka michache tu kabla ya kustaafu, alianza upya na mchanga na vijiti, na rula yake akaitumia kupigia mistari. Shule haikusikika tena barabarani. Wazazi wengine walilalamika kwamba kwenye shule ya zamani watoto walikuwa wanasoma kweli.

Mimi sikukaa kuona mwisho wake. Uhamisho wangu ulifika, nikaupokea siku hiyohiyo. Nilifundisha mjini miaka mingi, miaka ile ya elimu kwa wote ambapo watoto walikaa wanne wanne hadi dirishani. Nilirudi kwenye sinia la nyumbani. Dada zangu wakaolewa mmoja mmoja, mimi nikaposwa mara mbili na mara mbili pakaharibika, baba akafariki, na sinia likawa sahani. Yule mtu mpweke niliyekuwa namkimbia porini nilimkuta ananingoja Isevya.

Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipopamba moto, walimu wa mjini tuligawanywa kusimamia mitihani vijijini. Tulizungushwa kwa Landrova. Siku moja tukafika kijiji kimoja, na dereva akasema ni Mkombozi. Nilishuka. Darasa lilikuwa kwenye kivuli cha ghala la tumbaku, kina mama na wazee wamekaa juu ya magunia. Kabla sijamwona mtu niliisikia sauti. Ilikuwa imekua, imekuwa ya mwanamke, lakini ilikuwa ileile. Ilisoma mstari, na wote wakaurudia.

"Huyu ndiye kiongozi wetu," mwalimu wao aliniambia kwa fahari. Alikuwa baba mmoja mpole, mwenyewe ameishia darasa la nne. "Hakosei."

Kalunde alikuwa na mtoto mgongoni. Aliniona, akaendelea kusoma. Mtihani ulitaka kila mtu aje mezani asome peke yake. Zamu yake ilipofika alikaa mbele yangu. Nilimpa karatasi ambayo hakuna aliyeisoma mbele yake.

Hakuikariri. Aliweka kidole, akasoma taratibu, neno baada ya neno, kwa sauti ndogo. "Mkulima ana shamba. Mke wake analima mahindi. Wana…" Akasimama. Kidole kilikuwa chini ya ng'ombe. Angeweza kubahatisha. Akainua macho.

"Hapa ndipo tulipoishia, mwalimu Zuhura."

Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza alivyoendelea miaka yote hiyo.

"Yale tuliyoyafikia nilikuwa nayaandika ukutani kwa mkaa, yasipotee. Shule ilipojengwa nilikuwa nimeshaolewa."

Niliwaambia waliobaki wangoje. Nikageuza karatasi ya mtihani, jambo lisiloruhusiwa, nikamwandikia ng'ombe, ng'oa, ng'ambo. Nilimwonyesha namna sauti inavyotokea puani, ile alama ya juu kazi yake nini. Dakika kumi zilitosha. Dakika kumi, wanangu. Aliyasoma yote, akairudia karatasi akamaliza hadi nukta ya mwisho.

Jioni dereva alipoanza kupiga honi, Kalunde alinisindikiza hadi kwenye gari. Nilitaka kumwomba radhi, nikawa nazunguka na maneno. Yeye akatangulia.

"Mama aliniambia alikuomba unichukue."

"Ndiyo."

"Mbona ulikataa?"

Sikuwa na nguvu ya kusema tena habari za serikali na shule kila kijiji. "Niliogopa," nikamwambia. "Niliogopa kukaa peke yangu kule porini."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anafikiri, vilevile alivyokuwa akilitazama neno jipya mchangani. Akampandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Lakini ningekuwepo mimi, mwalimu," akasema.

Honi ikalia tena, nikapanda. Njia nzima hadi Tabora dereva alikuwa akinieleza habari za springi za gari lake, jinsi zinavyokatika na jinsi zinavyochomelewa, nami nikawa namwitikia ndiyo, ndiyo, bila kujua ninachoitikia.